Umekula Nini Leo?

Wiki mbili kabla ya binti yetu kuondoka kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sebule yetu ya Ngamiani iligeuka ghala. Palikuwa na ndoo mbili zenye vifuniko, beseni, chandarua, mashuka, pasi, kufuli lenye funguo tatu, doti mbili za kanga, na mkeka wa kuswalia uliokunjwa ukafungwa kwa utepe. Mama yake alikuwa akirudi kutoka soko la Mgandini kila jioni na kitu kimoja zaidi, akikitia alama katika karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Tranka la bati alilotumia binti huyu shule ya sekondari lilikataliwa. Aliniambia kwa heshima kwamba mwanachuo haendi na tranka. Huenda na begi la magurudumu. Nikanunua begi la magurudumu.

Nilimtazama mama yake akifundisha, nami ni mwalimu kwa kazi, nikakiri moyoni kwamba somo lake lilikuwa na mpango kuliko mengi niliyowahi kuandaa. Alimfundisha kuoga na kufua kwa ndoo moja ya maji, maji yakikatika. Alimfundisha kugawa fedha mafungu matatu: la pochini, la ndani ya begi, na la tatu la kushonea mahali ambapo hata yeye mwenyewe angesahau kama si shida. Alimwambia kwamba mwenzio wa chumbani si lazima awe rafiki, lakini ni jirani, na jirani hupewa visheti siku ya kwanza, kabla hamjajuana majina. Alimfungia achari ya embe katika chupa ya plastiki, akaizungushia mfuko mara tatu. Siku ya Ijumaa alikuja shangazi yake, wakajifungia chumbani tangu adhuhuri hadi alasiri. Yaliyosemwa humo sikuyauliza, wala haikunipasa.

Sehemu yangu ilikuwa maneno. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na saba. Ndoo sizijui bei, lakini mizani nazihesabu nikiwa usingizini. Nikaazimia kumtungia binti yangu utenzi wa kwenda nao chuoni.

Jambo hilo si geni kwa lugha yetu. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi mwaka 1858, beti mia moja na ushei za namna ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Shaaban Robert, mtu wa Tanga yetu hii, naye aliwatungia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti yake, Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume, na zote mbili zimo katika Maisha Yangu. Kwa hiyo mzazi wa Kiswahili anayemfunga mtoto mzigo wa safari huwa na kielelezo mbele yake. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikakaa nalo barazani baada ya isha.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina la mahali penyewe. Nilitaka kuandika aendako, nikajikuta nachagua baina ya maneno matatu. Bweni ni neno zuri, lakini kwa wengi wetu limeshikana na shule: kengele, matroni, taa kuzimwa saa nne. Ndugu zetu wa Unguja husema dahalia, neno lililotokana na Kiarabu, lenye ndani yake maana ya kuwa ndani. Wanachuo wenyewe husema hosteli, na hawana shida nalo. Nilihangaika na jambo hili siku mbili nzima, nikidhani ni suala la mizani. Baadaye nimeona halikuwa la mizani tu. Bweni lilikuwa na mtu wa kumwamsha mtoto asubuhi, wa kugundua kwamba hakuja kula, wa kuandika barua nyumbani. Hosteli haina. Sisi wazazi ambao watoto wetu wamekaa bweni kidato cha tano na cha sita hudhani wameshazoea. Kumbe wamezoea kuwa mbali na mama, hawajazoea kuwa mbali na kila mtu.

Kufikia usiku wa nne nilikuwa na beti arobaini. Nitaonyesha mmoja tu, nao ndio niliojivunia kuliko yote:

Ukiwa huko chuoni,
na dhiki iwe moyoni,
usiitoe njiani,
jifunze kuvumilia.

Mizani nane kila kipande, vina vimekaa, kituo kimetua. Nilimsomea mama watoto. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, “Mwalimu, hayo si ndiyo uliyomwambia kaka yake?”

Sikujibu. Nilifunga daftari nikaingia ndani.

Msomaji hana budi kuambiwa habari za kaka yake, ingawa kwa miaka kadhaa nyumba yetu haikuzitaja. Mwanangu wa kwanza alikwenda chuo kimoja cha bara mwaka 2016. Tulimwandaa haraka, kwa kuwa majibu yalichelewa kutufikia, na kwa kuwa alikuwa mwanamume. Mama yake alitaka kumfundisha kupika nikasema atajifunza hukohuko. Stendi nilimshika bega, nikamwambia maneno ambayo baba yangu aliniambia mimi: mwanamume ni kuvumilia, usitutie aibu. Mwaka uliofuata, Oktoba ilipofika, hakufunga begi. Tulimngoja wiki, kisha mbili. Ndipo akasema, akiwa amesimama mlangoni, kwamba hana chuo cha kurudi. Alikuwa ameshindwa masomo manne, na jina lake limeondolewa. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema, “Ulisema nivumilie.” Nilidhani ananijibu kwa ufedhuli, nikamkaripia, na mazungumzo yakaishia hapo. Baadaye alijifunza ufundi wa majokofu, na leo ana kazi yake na heshima yake mtaani. Lakini kile kilichotokea mwaka ule hakusimulia, nami sikuuliza tena.

Nilikuja kukisikia kwa kupitia dirishani. Ilikuwa usiku wa tano wa utenzi wangu, nami nilikuwa nimelala chali chumbani, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Barazani kaka mtu alikuwa amekaa na mdogo wake, naye anamfundisha. Alikuwa akimpa msamiati.

Alianza na bumu. Hizo ndizo fedha za kujikimu, zile za mkopo zinazotoka kwa awamu, na wanachuo huzungumza juu yake kama wakulima wanavyozungumza juu ya mvua: limetoka, halijatoka, limechelewa. Akamwambia, “Bumu likitoka usinunue simu. Nunua mchele kwanza.” Akaja kwenye sapu, mtihani wa kurudia, ambao mtu husemwa ameshikwa nao kama anayeshikwa na homa. Akaja kudisko. Binti akacheka, akidhani ni muziki. Kaka yake hakucheka. Alimweleza kwamba kudisko ni kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo, na kwamba neno hilo hutamkwa kwa mzaha na wale ambao halijawapata.

Kisha akasema kubebana.

Mimi ni mwalimu wa sarufi. Neno hili lilinifanya nikae kitandani. Kitenzi chake ni kubeba, na kiambishi -an- kinaleta kauli ya kutendana: huyu ambebe yule, na yule ambebe huyu. Kumbe chuoni kubebana ni mwanafunzi aliyekosa chumba kulala katika kitanda cha aliyepata. Vyumba havitoshi wote, na wasiopata hawarudi makwao, hubebwa.

“Mimi nilibebwa tangu Novemba hadi Juni,” alisema mwanangu. “Tulikuwa tunalala mzungu wa nne, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule. Akiwa na mtihani nilikuwa nalala msikitini ili apate usingizi.”

“Na chakula, kaka?”

“Mwaka ule jina langu halikuwamo kwenye mkopo. Baba alikuwa anatuma anachopata. Nilikuwa nakula mara moja, saa kumi, ili nisilale na njaa wala nisiamke nayo sana. Yule aliyenibeba nilimfundisha hesabu. Ndiyo ilikuwa kodi yangu. Yeye alifaulu.”

Kimya kikapita. Pikipiki ilipita barabarani, nikaisubiri ipotee.

“Baba alijua?”

“Baba alikuwa ananipigia kila Jumapili,” akasema.

Ni kweli. Nilikuwa nampigia kila Jumapili baada ya magharibi. Naweza kuandika mazungumzo yale hapa bila kukosea hata neno, kwa kuwa hayakubadilika mwaka mzima. Shikamoo baba. Marahaba, hujambo? Sijambo. Masomo? Yanaendelea. Haya, vumilia mwanangu. Sawa baba. Dakika moja na nusu, na pande zote mbili tumetimiza adabu.

Nimewafundisha wageni salamu hii, watu wa kutoka Ujerumani na Marekani waliokuja kujifunza Kiswahili pwani, na daima nimewaambia kwa fahari kwamba sijambo maana yake ni kuwa mtu hana jambo, hana neno linalomsumbua. Wao huuliza, na kama analo? Nami hujibu, na wote hucheka: hata kama analo, husema sijambo kwanza, kisha ndipo husema jambo lake. Ndiyo desturi. Mgonjwa wetu kitandani husema sijambo, kisha huanza kueleza homa ilivyompata. Lakini desturi hiyo inataka muda. Inataka mtu wa upande wa pili anyamaze kidogo baada ya sijambo, avute kiti. Mimi nilikuwa nikikimbilia neno vumilia kabla jambo halijapata nafasi ya kutoka.

Na mama yake? Mama yake hakuuliza habari za masomo. Alikuwa akinipokonya simu mwishoni, na swali lake lilikuwa moja: umekula nini leo? Nilikuwa nikimcheka. Niliona ni swali la mtu ambaye hakufika chuo, anayedhani elimu inaingia kwa tumbo. Kijana alikuwa akimjibu: wali maharage. Kila Jumapili wali maharage. Mwezi wa Machi mwaka ule mama yake aliniambia, “Huyu mtoto anadanganya, hakuna anayekula kitu kimoja kila siku, hata maskini hubadilisha mboga.” Nilimwambia amwache mtoto akue. Nayaandika haya nikijua kwamba yeye atayasoma.

Asubuhi yake nilitoa kabatini kitabu cha Utenzi wa Mwana Kupona. Nimekifundisha mara nyingi, na kila mara nimewaelekeza wanafunzi kwenye maagizo: fanya hivi, usifanye vile, kaa na mumeo namna hii. Maswali yangu ya mtihani yalikuwa juu ya maadili na nafasi ya mwanamke. Vijana wa siku hizi hubishana nayo maagizo hayo, na wana haki ya kubishana. Lakini asubuhi ile nilisoma mwanzo wake polepole, kama mtu asiyewahi kuuona. Mama anamwita binti asogee, anataka wino na karatasi. Na kabla hajaagiza lolote, anasema kwamba anaumwa. Anasema ugonjwa umemshika mwaka mzima na umemzuia kumwambia neno jema. Yaani huyu mtunzi mkubwa, mke wa mtu aliyepigana na Seyyid Said, anaanza wosia wake kwa kukiri udhaifu na kukiri kwamba alichelewa kusema. Maagizo yanafuata baadaye. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa nimeziruka beti hizo, nikiziita utangulizi.

Beti zangu arobaini hazikuwa na hata moja ambamo mimi mwenyewe ninaumwa.

Jioni ile nilimwita binti yangu barazani. Nilikuwa na daftari mkononi lakini sikulifungua. Nilimsimulia jambo ambalo hata mama yake hakulijua lote. Mwaka 1991 nilikuwa chuo cha ualimu, mbali na Tanga, na katika muhula wa pili nilipata malaria. Nililala siku tatu katika kitanda cha juu, bila kushuka ila kwa haja. Wenzangu walidhani nimesafiri, kwa kuwa nilijifunika gubigubi. Siku ya nne, homa ilipopungua, nilimwandikia baba barua. Barua za wakati ule zilikuwa na mlango wake; kila mtu aliyesoma anaujua: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Niliandika hayo mkono ukitetemeka, nikayaandika kwa mwandiko mzuri, nikafunga bahasha. Baba alijibu kwamba amefurahi kusikia ni mzima. Aliihifadhi barua ile. Alipofariki tuliikuta miongoni mwa karatasi zake, nami niliichana.

Binti yangu alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sikujua kama anasikitika au anaona aibu kwa niaba yangu. Kisha akauliza, “Kwa nini uliichana, baba?” Nikasema kwa sababu ilikuwa uongo wenye mwandiko mzuri. Akatabasamu kidogo.

Nilimwambia kwamba sitamuuliza hujambo kwa simu. Tusalimiane, lakini isiwe ndilo swali. Nitamuuliza swali la mama yake. Na asiponijibu ukweli nitamjua, kwa kuwa sasa nimefundishwa kwamba hata maskini hubadilisha mboga. Tukaafikiana. Mama yake alikuwa mlangoni, ungo mkononi. Alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza humu.

Na kaka mtu? Na hilo nililifanya, lakini vibaya. Nilimfuata karakanani kwake, nikasimama kati ya majokofu mawili yaliyofunguliwa, nikamwambia nilisikia habari za mzungu wa nne. Akaendelea kukaza skurubu. Nikasema nilikosea. Akasema, “Basi, baba, yamepita.” Kisha, baada ya muda, akaniomba nimshikie tochi. Nikamshikia hadi kazi ikaisha, karibu saa nzima, na hatukuzungumza kitu kingine.

Siku ya safari yeye ndiye aliyebeba ndoo hadi stendi ya Kange. Ndani ya ndoo moja alikuwa ametia bisibisi ndogo, koili ya waya, na soketi ya kupachika. Alisema kitasa na soketi ndivyo huharibika kwanza, na fundi wa chuo huja wiki ya pili. Mimi nilikwenda naye hadi Dar es Salaam, Muheza, Segera, Chalinze, safari ya kutwa ambayo alilala zaidi ya nusu yake. Foleni ya funguo ilikuwa ndefu. Wazazi wengi walisimama kando na magodoro, na nilisikia wosia ukitolewa kila upande, kwa Kihaya, kwa Kinyakyusa, kwa Kiswahili. Sikuelewa yote, ila nililisikia neno vumilia mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, au pengine nilikuwa nalisikia kwa sababu nilikuwa nalitafuta. Binti alipata kitanda. Nilimkabidhi daftari. Beti arobaini zilikuwamo bado, na ule ubeti wa dhiki nilikuwa nimeupiga mstari mmoja, bila kuufuta, ili aone ulivyokuwa. Chini yake niliandika namba ya simu ya fundi majokofu mmoja wa Tanga, ambaye anazo tayari namba zake zote.

Miezi miwili ilipita kwa majibu ya kawaida: chapati na chai, ugali na dagaa, wali, siku moja chipsi, na nikasikia mama yake akiguna kwa chipsi. Jumatano moja ya Januari nilimpigia bila mpango, nikiwa nasubiri daladala. Tukasalimiana. Nikauliza umekula nini leo.

Akanyamaza. Zamani ningelijaza lile pengo.

“Sijala, baba,” akasema. “Bumu halijatoka. Na achari imekwisha.”

Nikamwambia nitamtumia sasa hivi, elfu kumi niliyokuwa nayo mfukoni, nyingine kesho.

“Haitatosha, baba,” akasema. “Tuko wawili. Kuna msichana wa Kigoma, nimembeba.”